Kuonja peli eli isiyo na kilevi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya yanajirudia kila tunapokaa kuonja bia zisizo na kilevi hapa Mwanza. Wanaouliza ni wa kila aina: madereva, wauguzi wanaoingia zamu ya usiku, Wasabato, walioacha pombe, na wanywaji wa laga wanaotaka kujua kuna nini humo. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Linalojibiwa mahali pengine tumelitaja kwa namba.

## Mambo ya mwanzo

1. Peli eli ni bia ya namna gani?

Ni bia ya shayiri yenye rangi ya dhahabu hadi shaba. Kwenye kopo utaona imeandikwa Pale Ale. Hamira yake hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi, wakati laga huchachushwa kwenye ubaridi na kupumzishwa kwa wiki kadhaa. Bia karibu zote zilizozoeleka katika baa za Kanda ya Ziwa, Balimi ikiwemo, ni laga. Ndiyo maana mtu akipata peli eli mara ya kwanza hushtuka: harufu ni kali ya matunda na uchungu unakaa mdomoni.

Asili yake ni Uingereza. Mji wa Burton upon Trent ulijipatia sifa kwa sababu maji ya visima vyake yana madini ya jasi kwa wingi, na maji ya namna hiyo hufanya uchungu usikike wazi na mkavu. Lakini viwanda vidogo vya leo vinafuata zaidi mtindo wa Marekani. Mwaka 1980 kiwanda cha Sierra Nevada, mjini Chico, California, kilianza kupika peli eli yenye hopsi (tazama swali la 2) za aina ya Cascade, zinazonukia balungi, na wengi wakafuata njia hiyo.

2. Hopsi ni kitu gani?

Ni maua ya mmea unaopanda juu ya kamba au nguzo. Yakichemshwa muda mrefu hutoa uchungu. Yakitiwa mwishoni, au yakilowekwa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, hutoa harufu. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi, kwa hiyo huku Ikweta, ambako mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, haustawi vizuri. Barani Afrika hulimwa karibu na mji wa George, Afrika Kusini. Shayiri tunayo wenyewe: Karatu na Monduli wanailima.

3. "Isiyo na kilevi" maana yake ni sifuri kabisa?

Si lazima. Soma namba, usisome jina. Marekani, bia iliyo chini ya asilimia 0.5 inaruhusiwa kuitwa isiyo na kilevi kwa maana ya jumla, na yenye sifuri hutajwa kwa neno jingine. Nchi nyingi za Ulaya nazo zinatumia kikomo cha 0.5. Peli eli nyingi za viwanda vidogo zipo kwenye hiyo 0.5 au chini kidogo. Zikiandikwa 0.0, mtengenezaji ameshuka zaidi ya hapo.

Tupige hesabu. Kopo la mililita 330 lenye asilimia 0.5 lina mililita 1.65 za kilevi. Chupa ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo ungehitaji makopo kama 15 kufikia kilevi cha chupa moja, na tumbo lingejaa kabla hujamaliza. Hata ndizi iliyoiva sana na mkate wa hamira vina chembe za kilevi. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo halina uzito. Wapo ambao kwao lina uzito, na wao waruke hadi swali la 16.

4. Si ni sawa tu na Grand Malt, au togwa?

Hapana. Vinywaji vya kimea vya dukani havijachachushwa. Ni kimea, sukari na gesi, ndiyo maana ni vitamu na vizito. Togwa ina kimea pia, cha mtama au ulezi, lakini inachachushwa na bakteria, kwa hiyo ni chachu na nzito kama uji mwepesi. Peli eli isiyo na kilevi imepita kwa hamira, au kwa namna fulani imekuwa bia, kisha ikawekewa hopsi kwa wingi. Mizani yake iko kwenye uchungu na harufu. Ukiionja huku ukitarajia utamu wa Grand Malt, utaionea.

5. Kilevi kinaondolewaje?

Njia ziko mbili kubwa: kukitoa kikishatokea, au kuzuia kisitokee. Inafaa kuzijua kwa sababu kila njia huacha alama yake mdomoni.

Ya kwanza ni kuchemsha bia kwenye mgandamizo mdogo wa hewa. Sisi wa Mwanza tunaielewa upesi: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Kiwandani hushusha mgandamizo chini zaidi ya hapo, hadi kilevi, ambacho kwa kawaida huchemka kwenye nyuzi 78, kinaondoka kwenye nyuzi 40 hivi bila bia kuungua. Tatizo ni kwamba harufu nyepesi huondoka nacho. Wengine huisukuma bia kwenye utando wenye vitundu vidogo mno: maji na kilevi hupita, ladha nyingi hubaki, kisha maji hurudishwa. Mashine za njia zote mbili ni za bei kubwa.

Viwanda vidogo mara nyingi huchagua kuzuia. Hupika kimea kwa joto la juu ili sukari inayotoka iwe ya aina ambayo hamira haiwezi kuila, au hutumia hamira ya pekee. Iliyo maarufu ni *Saccharomycodes ludwigii*: hula glukosi na kuiacha maltosi, ambayo ndiyo sukari kubwa kwenye kimea. Kilevi kinachotokea ni kidogo sana, lakini maltosi inabaki. Haina utamu mkali wa sukari ya mezani, ila ukinywa taratibu utaihisi.

## Kuandaa meza

6. Iwe ya baridi kiasi gani?

Baa zetu zinajua mawili, ya baridi na ya moto. Peli eli inataka katikati, nyuzi 6 hadi 9. Ikitoka kwenye friza ikiwa na barafu ubavuni, ulimi unakufa ganzi na harufu hazipandi. Utaonja gesi na uchungu tu. Ikiwa ya moto, utamu wa kimea unafunika kila kitu. Itoe kwenye friji la kawaida, iache mezani dakika 10 hivi, halafu fungua. Mchana wa Oktoba kabla ya mvua, dakika 5 zinatosha.

7. Lazima glasi? Mbona kopo lenyewe linatosha?

Kwa kunywa linatosha. Kwa kuonja halitoshi, kwa sababu pua iko nje ya tundu la kopo na kazi kubwa hapa ni ya pua. Glasi yoyote safi inayobana kidogo juu inafaa, hata ya mvinyo. Isiwe na mafuta wala sabuni, maana vyote viwili huua povu. Iloweshe kwa maji safi kabla ya kumimina na usiifute kwa taulo lililofutia samaki.

8. Nimimine vipi?

Inamisha glasi, anza taratibu, inyooshe ilipofika nusu ili lijengeke povu la vidole viwili. Usiliogope. Povu linaposhuka ndipo harufu za hopsi zinapotoka. Bia isiyo na kilevi mara nyingi povu lake hupotea haraka, kwa hiyo angalia: likikaa na kuacha michirizi kwenye glasi, aliyeitengeneza amefanya kazi nzuri. Ukungu ndani ya bia si kasoro. Peli eli nyingi za sasa hazichujwi.

## Kuonja kwenyewe

9. Nianze na nini?

Anza na pua, kabla ya kitu kingine chochote. Zungusha glasi kidogo, vuta hewa fupi mara mbili, ondoa pua, rudia. Taja unachokisikia kwa jina la kitu unachokijua. Hakuna atakayekusahihisha. Kisha chukua funda la wastani, lizungushe mdomoni, meza, na papo hapo toa pumzi kwa puani ukiwa umefunga mdomo. Harufu inayopanda kutokea kooni ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Wengi hawaifanyi hatua hii, na wakifundishwa huona kama wamebadilishiwa kinywaji.

Funda la kwanza usilitolee hukumu, maana mdomo bado una chai ya maziwa au mchuzi. Hukumu ianze na la tatu. Kati ya bia na bia kunywa maji, kula kipande cha mkate mkavu. Na usimeze haraka kwa kuwa hakuna kilevi: kinachoonjwa hapa ni kinywaji chenyewe.

10. Nitegemee harufu zipi?

Hutegemea hopsi, na watengenezaji wengi huziandika kwenye kopo. Cascade hutoa balungi na maua. Citra hutoa embe, pasheni na ganda la ndimu. Simcoe ina utomvu wa msonobari, na ndani yake kitu kama udongo baada ya mvua. Mosaic huchanganya matunda yaliyoiva na majani mabichi.

Vitabu vya kuonja hutaja zabibu za Ulaya na matunda ya porini ambayo wengi wetu hatujayashika. Yaache. Sema embe dodo, embe bolibo, pera lililoiva, ganda la chenza, majani ya mpera yaliyosagwa mkononi, mchaichai. Katika vikao vyetu, mama mmoja anayeuza matunda sokoni ndiye hutaja harufu kwa usahihi kuliko wote, na sababu iko wazi: anashinda nazo. Kabla ya kuonja, nusa ganda la balungi na la chenza. Pua itajua inatafuta nini.

Chini ya matunda kuna kimea: mkate, biskuti, kidogo cha asali. Usipokisikia kabisa, bia imeelemea upande mmoja.

11. Mbona ni chungu hivi?

Kwa sababu imekusudiwa hivyo, na kwa sababu kilevi hakipo kuulainisha uchungu. Uliza swali jingine: uchungu wenyewe ni wa namna gani? Ulio mzuri unakuja, unasafisha mdomo, unaondoka na kukuacha ukitaka funda jingine. Mbaya unakwangua na kubaki nyuma ya ulimi kama kidonge kilichoyeyuka kabla hakijamezwa. Mtu aliyekua akila mnavu na ngogwe ameshazoea uchungu wa chakula. Anahitaji muda kidogo tu kuukubali ndani ya glasi.

12. Naona kama maji. Ni mimi au ni bia?

Huenda ni bia. Kilevi hubeba harufu, huipa bia uzito na joto kooni, na chenyewe kina utamu kidogo. Kikiondoka, pengo hubaki katikati ya funda: mwanzo unasikia matunda, mwisho unasikia uchungu, kati hakuna kitu. Mafundi hulijaza pengo hilo kwa shayiri isiyooteshwa kuwa kimea, ngano au oti, ambazo huleta ute na kushika povu, na kwa kuongeza gesi.

Hapa ndipo tunapopima ufundi. Tunauliza kama katikati ya funda kuna kitu, kisha tunaangalia mengine.

13. Na ile ladha kama uji wa kimea?

Hutokea hasa kwenye bia zilizozuiwa kuchachuka. Hamira, pamoja na kuzalisha kilevi, hubadilisha harufu za nafaka zinazotokana na kupika kimea. Isipofanya kazi muda wa kutosha, harufu hizo hubaki, na ubichi fulani wa nafaka iliyolowekwa unasikika. Kidogo kinavumilika, kwa wengine kinapendeza. Kikifunika hopsi, bia imeshindwa kuwa peli eli. Ubaridi huificha, kwa hiyo onja tena glasi ikianza kupata joto.

14. Nilinganishe na bia yenye kilevi?

Fanya hivyo ukipenda, kwa haki. Weka peli eli mbili au tatu zisizo na kilevi pamoja, ndipo utajifunza. Mwombe mtu amimine bila wewe kuona. Njia bora ni glasi tatu, mbili za bia moja na ya tatu nyingine, kisha utafute iliyo tofauti. Usipoipata, maneno mengi uliyokuwa ukiyasema yalitoka kwenye rangi ya kopo.

## Ikiwa imeharibika

15. Nitajuaje kama imeharibika, na naihifadhije?

Kuna aina tatu za uharibifu zinazotusumbua huku, na zote zinatokana na safari au duka.

Uzee na joto. Peli eli hainyweki vizuri kwa kukaa. Harufu ya embe na pasheni ndiyo hufa kwanza, kisha inaingia harufu ya boksi lililolowa na utamu wa sukari iliyoungua. Kopo linaloletwa Mwanza kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam limepita zaidi ya kilomita 1,000, sehemu kubwa chini ya jua la Dodoma na Singida, halafu labda likasubiri stendi ya Nyegezi. Tarehe ya mwisho inaweza kuwa mbali bado na bia ikawa imechoka. Tazama tarehe ya kutengenezwa na nunua yenye umri mdogo.

Jua. Mwanga ukipiga uchungu wa hopsi hutengeneza harufu kali ya uvundo, hata kwa dakika chache kwenye chupa nyeupe au ya kijani. Chupa ya kahawia inakinga vizuri zaidi, na kopo linakinga kabisa. Muuza duka anayepanga chupa dirishani ili zivutie wateja anaziharibu, tena akiwa na nia njema kabisa. Mweleze kwa upole. Na ukikaa ufukweni ukitazama miamba, weka glasi kivulini.

Vijidudu. Hili ni la afya, lisichukuliwe kwa wepesi. Kilevi hulinda bia. Kisipokuwepo, na sukari ikiwa imebaki, vijidudu hupata mazingira. Kwa hiyo viwanda makini hupasha moto bia iliyokwisha kufungwa ili kuviua. Kopo lililovimba, linalorusha povu lote likifunguliwa, au lenye uchachu ambao haukutajwa kwenye lebo, limwage. Ukishafungua, maliza siku hiyo hiyo.

Harufu ya siagi au ya mahindi ya kuchemsha ni kasoro ya upishi. Haidhuru, ila si alama ya kazi nzuri. Nyumbani weka kwenye friji, kopo limesimama. Umeme ukikatika saa chache hakuna neno.

## Wanaohitaji kuangalia zaidi

16. Nani asinywe, au aulize kwanza?

Aliyeacha pombe baada ya kuteswa nayo aamue kwa uangalifu mkubwa, pamoja na anayemsaidia. Namba inaweza kuwa 0.0, lakini harufu, povu na sauti ya kufungua vinaweza kuamsha hamu ile ile. Hakuna anayepaswa kumshawishi mezani, hata kwa nia nzuri.

Mjamzito: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutokunywa kilevi kabisa wakati wa ujauzito, kwa hiyo 0.5 haimfai, ikibidi, iwe 0.0, na aseme na mkunga wake. Anayetumia dawa zinazogombana na pombe amuulize mfamasia kabla ya kuonja. Mwenye kisukari asome kiasi cha wanga na sukari kwenye kopo, hasa kwa bia zilizotajwa katika swali la 13, kwa sababu baadhi yake zina sukari nyingi kuliko bia ya kawaida. Asiyevumilia gluteni akumbuke kwamba hii bado ni shayiri.

Watoto hatuwapi. Ni kinywaji cha watu wazima, na uzoefu wa kushika bia uje ukubwani.

17. Nikinywa naruhusiwa kuendesha?

Kwa mtu mzima mwenye afya, kopo moja au mawili ya 0.5 hayawezi kumlewesha. Hesabu iko swali la 3. Dereva wa basi, lori au bodaboda achukue 0.0 asiwe na la kujieleza. Na hakikisha umeshika kopo sahihi, kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kutoa peli eli mbili zenye sura karibu sawa, moja ya asilimia 5.

18. Ni halali kwa Mwislamu?

Masheikh hawana kauli moja. Wapo wanaotazama kama kinalewesha au hakileweshi, na wapo wanaokataa kinywaji kilichokuwa bia kisha kikatolewa kilevi. Tunachoweza kukupa sisi ni maswali ya kumpelekea sheikh wako: asilimia ngapi, na je, kilevi kilitolewa au hakikutokea kwa wingi tangu mwanzo? Mgeni wako akisema hapana, mletee juisi ya ukwaju ya baridi na mazungumzo yaendelee.

## Na chakula

19. Inaendana na chakula gani cha huku?

Sato wa kukaanga, mzima, na kachumbari yenye ndimu. Uchungu na gesi hukata mafuta, na balungi la hopsi hukutana na ndimu. Kwetu hicho ndicho chakula chake namba moja, na tungemshauri kila mgeni wa Mwanza aanze hapo. Sangara ni mnene zaidi na anataka bia yenye uzito. Iliyo kama maji, ya swali la 12, humezwa na mafuta yake. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi wanafaa kama karanga zinavyofaa.

Pilipili nyingi huongeza uchungu, punguza kimoja. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyopikwa na karanga inakubaliana vizuri sana na upande wa kimea, jambo ambalo wageni wa nje hawalitarajii. Mchuzi wa nyanya wenye uchachu mwingi hauendi nayo.

20. Naweza kuchemsha bia ya kawaida nyumbani ili nitoe kilevi?

Usifanye. Kwenye sufuria kilevi hakitoki chote hata ukichemsha muda mrefu, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu kwamba hakimo. Mvuke wake unawaka karibu na jiko la mkaa au gesi. Na harufu za hopsi ndizo huondoka za kwanza, ukabaki na maji ya kimea machungu yasiyo na gesi. Ukitaka kupika mwenyewe kwa kuzuia uchachushaji, rudi swali la 15 usome sehemu ya vijidudu. Bila kifaa cha kupima uchachu na uwezo wa kupasha chupa moto sawasawa, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, kunywa ndani ya siku chache, na usiuze.